Karanga za Kongwa

Kongwa ni mji mdogo katika bara ya Tanzania, upande wa mashariki wa Dodoma, mahali nchi ya Wagogo inapokaribiana na nchi ya Wakaguru. Mwanafunzi wa Kenya akiutafuta katika ramani yake ya shule huenda asiuone. Na akiuona hatadhani kwamba jina lake liliwahi kubishaniwa katika Bunge la London, wala kwamba Serikali ya Uingereza ilipoteza huko, na katika mashamba mengine mawili ya Tanganyika, mamilioni ya pauni kwa ajili ya karanga. Habari yenyewe ilianza mwaka 1946, ikamalizika mwaka 1951. Watu wengi huisimulia kama kichekesho, na kichekesho kimo ndani yake, sikatai. Wanachuo wangu hucheka kila mwaka tunapofika kwenye vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Lakini mimi naona mambo ya Kongwa yanastahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu walioshindwa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na elimu, walikuwa na fedha, walikuwa na mashine, na wengi wao walikuwa na nia njema. Walilolikosa ni jambo ambalo mkulima wa nchi kavu hulijua kabla hajashika jembe, yaani namna mvua ya mahali pake inavyonyesha, na namna udongo wa mahali pake unavyoipokea mvua hiyo.

Tuanze na njaa ya mafuta. Watu wa Ulaya huhitaji mafuta ya mimea kwa kupikia, kwa majarini, na kwa kutengenezea sabuni, na baridi ya kwao haikubali minazi wala michikichi. Haja yao hii haikuwa ngeni katika pwani yetu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashamba ya Malindi yalitoa nafaka kwa wingi pamoja na ufuta, ambao wengi humu Kenya huuita simsim; na wafanyabiashara wa Kifaransa waliununua ufuta wa Afrika ya Mashariki, wakaupeleka Marseilles kukamuliwa. Zao hilo lilitegemea mvua tu. Lilitegemea pia jasho la watumwa, na neno hili mwandishi wa historia hana ruhusa ya kulipita kimya.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, njaa hiyo ya mafuta ilikuwa kubwa kuliko kabla. Wajapani walikuwa wameziteka Malaya na visiwa vya Indonesia na Ufilipino, na biashara ya mawese na nazi kavu kutoka huko ilikuwa imevurugika. Bara Hindi, iliyokuwa ikiuza karanga nyingi nje, sasa ilihitaji karanga zake kwa watu wake. Huko Uingereza mafuta ya kula yaligawiwa kwa kipimo, kila mtu na fungu lake dogo la juma, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1954. Mambo haya yafaa kukumbukwa na kila atakayewacheka watu wa mpango wa karanga. Serikali iliyokuwa ikiongoza nchi iliyochoka kwa vita ilikuwa ikitafuta mafuta kwa hofu, na hofu ni mshauri mwenye haraka.

Mwezi wa Machi 1946 Bwana Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alikuwa akisafiri kwa ndege juu ya Tanganyika. Aliona chini yake nchi pana ya vichaka isiyo na mashamba. Akawaza: kwa nini nchi hii isifyekwe kwa mashine, ikapandwa karanga? Akalipeleka wazo lake kwa Serikali, na Serikali ikalipokea kwa furaha. Mwezi wa Juni wakatumwa watu watatu kuchungua. Mkubwa wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Hakuwa mtu asiyeijua nchi. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha wakaandika taarifa yao mwezi wa Septemba.

Taarifa hiyo ilikuwa na hesabu za kustaajabisha. Zilimwe ekari 3,210,000, katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa, na 10 Kenya. Gharama ya yote ikadiriwe karibu pauni milioni 24, na kufika mwaka 1950 au 1951 zipatikane tani 600,000 za karanga kila mwaka. Msomaji akitaka kuupima ukubwa wa nchi iliyokusudiwa kulimwa, na aichukue Kaunti ya Machakos yote, milima yake na miji yake, kisha aizidishe mara mbili. Nchi yote hiyo ilikuwa ifyekwe na kupandwa kwa miaka sita hivi.

Angalia tena ile miezi ya safari. Wiki tisa kuanzia mwezi wa Juni, katika Ugogo, ni wiki za kiangazi kitupu. Nchi ile ina majira mamoja tu ya mvua, ambayo kwa kawaida huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili. Basi wachunguzi wale, waliotumwa kutafuta mahali pa kilimo cha mvua, hawakuiona mvua. Waliona ardhi nyekundu, vichaka, mibuyu, na watu wachache. Hesabu za mvua walizokuwa nazo zilikuwa chache. Udongo walichimbua hapa na pale, wakauona unafaa.

Na kwa nini watu walikuwa wachache? Hilo ndilo swali ambalo lingalipaswa kuulizwa kwanza. Katika macho ya mtu aliye ndani ya ndege, nchi isiyo na mashamba ni nchi ya bure, inayomngoja mwenye kuitumia. Na katika macho ya sheria ya wakati ule mambo yalikuwa mepesi vile vile, kwa maana sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imekwisha kuiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Lakini nchi haiachwi hivi hivi. Kwingine iliachwa kwa sababu ya mbung'o, na kwingine kwa sababu ya maji. Kongwa palikosekana maji ya kutosha hata kwa matumizi ya kambi yenyewe, ikawa lazima yaletwe kwa magari.

Wagogo walikuwa wameishi na ukame tangu zamani, na maisha yao yote yalikuwa yamepangwa kwa kuutazamia. Chakula chao kikuu kilikuwa mtama na uwele, nafaka zinazoweza kuvumilia jua. Mvua ya Ugogo huchagua: hunyesha kwa fulani, ikamwacha jirani yake mkavu, kwa hiyo mtu mwenye busara hakuwa na shamba moja mahali pamoja, bali alilima vipande hapa na pale. Mali ya kutegemea ilikuwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe huweza kuhamishwa kufuata majani, na mwaka wa njaa hubadilishwa kwa nafaka ya watu wa mbali. Karanga nazo walizijua. Wanawake walizipanda katika vijishamba vidogo, pamoja na njugu mawe, kama kitoweo na kiungo cha mboga. Hakuna aliyeweka maisha ya nyumba yake juu ya karanga. Na wazee waliokuwa hai mwaka 1946 walikuwa wakiikumbuka vizuri njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920, ambapo majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo kwa vita vyao, mvua ikakosekana, na watu wakafa kwa maelfu. Hao ndio waliokuwa na elimu ya mahali pale. Elimu yao haikutiwa katika taarifa, kwa kuwa haikuandikwa, na kwa kuwa wenyewe walionekana kuwa sehemu ya mambo ya kale yatakayoondolewa na mashine.

Hapa nitakaa kidogo juu ya hesabu ya mvua, maana ndipo kosa lilipojificha, na hata leo hujificha hapo hapo. Kongwa hupata kwa kawaida milimita 500 au 600 za mvua kwa mwaka. Karanga huweza kustawi kwa kiasi hicho. Kwa karatasi, basi, hapana tatizo. Lakini tuchukue mfano wa kubuni wa miaka mitano: wa kwanza mvua milimita 700, wa pili 350, wa tatu 600, wa nne 300, wa tano 550. Jumla ni 2,500, na wastani ni 500 barabara. Mwenye kusoma wastani huo ataona nchi inayofaa. Mwenye kulima atakuwa amelala njaa miaka miwili katika mitano. Tena hata mwaka wa milimita 600 waweza kudanganya. Mvua ikishuka yote kwa dhoruba chache, maji hukimbilia makorongoni. Na ikikatika wiki mbili au tatu wakati maua yanapotoka, mvua ya baadaye haiyarudishi. Mmea haunywi wastani.

Na karanga ni mmea wa tabia ya pekee. Ua lake huchanua juu ya ardhi kama maua mengine. Lakini likisha kuzaa, hutoa kikonyo chembamba kinachoinama na kuingia ardhini, na ncha ya kikonyo hicho ndiyo inayovimba na kuwa ganda lenye punje. Tangu kupandwa hata kuiva huchukua siku 90 mpaka 120, kwa kadiri ya aina yake. Kwa hiyo karanga huutaka udongo ulio laini mara mbili: mara ya kwanza kikonyo kinapoingia, na mara ya pili mkulima anapong'oa. Udongo ukikaza wakati wa kwanza, vikonyo hukauka juu ya ardhi. Ukikaza wakati wa pili, karanga zimo, lakini hazitoki. Udongo mwekundu wa Kongwa ulikuwa laini wakati wa mvua, ila jua likiupiga uligeuka kama tofali lililochomwa. Na ndani yake mlikuwa na changarawe kali zilizokula chuma cha majembe kama tupa. Wagogo, kwa jembe la mkono na kipande kidogo cha shamba, waliweza kuchagua siku ya kung'oa karanga zao, siku ambayo ardhi ilikuwa bado na umande wa mvua ya mwisho. Shamba la ekari 30,000 halichaguliwi siku.

Kulikuwako pia ugonjwa. Tangu mwaka 1907 ilikwisha kuandikwa habari ya maradhi ya karanga yaliyoonekana Tanganyika, ambayo wataalamu huyaita rozeti: mmea hudumaa, majani hujikunja na kujikusanya pamoja, na mavuno hupotea. Wanaoyaeneza ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani. Dawa bora ya wakulima ilikuwa kupanda mapema na kupanda karibu karibu, ili majani yaifunike ardhi upesi. Lakini kupanda mapema kwahitaji shamba liwe tayari kabla ya mvua, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Watu wa kwanza walifika Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947. Kampuni ya United Africa Company ilipewa kazi ya kuanzisha, mpaka shirika jipya la Serikali, Overseas Food Corporation, lilipoichukua mwaka 1948. Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, aliusimamia mpango kwa moyo wake wote. Uingereza yenyewe ilipata homa ya karanga. Askari waliotoka vitani waliomba kazi kwa makumi ya maelfu, wakijiona wanakwenda vitani tena, mara hii kupigana na njaa. Lugha ya kazi ikawa ya jeshi, na Jenerali mmoja akawekwa kuwa mkuu wa kazi huko Kongwa.

Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi baada ya vita, wakanunua yaliyochakaa, hata yaliyoachwa na majeshi katika Ufilipino. Yalishushwa Dar es Salaam, bandari iliyokuwa ndogo kwa mzigo wa namna ile, yakapandishwa bara kwa reli moja isiyozoea kazi hiyo. Yalipofika yakakutana na kichaka cha Kongwa. Huenda msomaji ameona kichaka cha namna hiyo katika sehemu za Kitui au Taita: mtu hawezi kupita bila panga, na mizizi chini ya ardhi imesukana kama mkeka. Trekta liliangusha matawi, mizizi ikabaki, na plau iliyokuja nyuma ikavunjika. Mibuyu nayo ilikuwa habari nyingine. Husimuliwa kwamba nyuki waliokaa ndani yake waliwatoa watu kazini kuliko amri ya mkubwa yeyote. Hata mwisho wa miezi ya kiangazi ya mwaka 1947 theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafai kazi. Mafundi walikuwa wachache, vipuri havikulingana, na madereva wengi walikuwa wamefundishwa kwa majuma machache tu, jambo ambalo si kosa lao.

Ndipo zilipozuka hila. Mnyororo mkubwa wa nanga ya meli ulifungwa baina ya matrekta mawili, ukaburutwa ili ung'oe kichaka kwa upana. Na hila hii, kusema kweli, ilisaidia. Vifaru vya Sherman vilipelekwa kiwandani kwa Vickers-Armstrong vikafanywa matrekta, vikapewa jina la Shervick, nusu la kifaru na nusu la kiwanda. Hayo hayakusaidia sana.

Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kufyekwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Ni ishirini kwa moja, yaani kiasi cha robo tu ya shamba moja kati ya yale 107.

Watu nao walikuwa na habari yao, ambayo katika vitabu vingi hufunikwa na mavumbi ya matrekta. Kongwa iliyokuwa kimya iligeuka mji wa maelfu kwa miezi michache. Walikuja vibarua kutoka kila pembe ya Tanganyika, bei ya vyakula ikapanda, mishahara ikawa nyuma. Mwezi wa Septemba 1947 wafanya kazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli hata bara, ukafika Kongwa pia kabla mwaka haujaisha. Mtu mwenye kushika usukani wa trekta la mamia ya pauni, ilhali mshahara wake haumtoshi posho, hakuhitaji mwalimu wa siasa. Kwa maoni yangu, wanahistoria wanaotaka kujua chanzo cha vyama vya wafanya kazi vya Tanganyika wangefaa kupita Kongwa pamoja na bandarini.

Mwaka 1949 ulikuwa na ukame, na ukame huo ndio uliokata maneno. Karanga za Kongwa zilinyauka. Alizeti iliyopandwa ili kusaidia haikuponyoka. Pale karanga zilipozaa, ardhi ilikuwa imeganda, na mashine za kung'olea ziliparuza juu juu. Imeandikwa mara nyingi kwamba karanga zilizovunwa hazikufikia uzito wa mbegu zilizoletwa. Sehemu nyingine mbili, Urambo katika nchi ya Tabora na Nachingwea upande wa kusini, zilipata mvua nyingi kuliko Kongwa; lakini huko nako misitu ilikuwa migumu na kazi ilichelewa. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli mpya na kuanzishwa bandari ya kina kirefu huko Mtwara.

Mtu atauliza, kwa nini hawakusimama mapema? Kwa nini hawakulima kwanza shamba moja dogo kwa miaka mitatu, wakaona? Ushauri wa namna hiyo haukukosekana. Jibu lilikuwa kwamba njaa ya mafuta haingoji majaribio. Sidhani kuwa jibu hili lilikuwa la uongo. Lakini lilikuwa na kasoro moja kubwa, kwamba lilichukua haja ya mlaji wa Uingereza likaifanya kuwa sifa ya udongo wa Ugogo. Kisha siasa ikaingia. Waziri alikuwa amesema Bungeni kwamba mpango utafaulu. Wapinzani wake walikuwa wakiingoja siku ya kumcheka. Na kila taarifa mbaya kutoka Kongwa ikawa silaha mkononi mwa wengine. Katika hali hiyo ukweli hupanda ngazi polepole sana. Mwezi wa Novemba 1949 Bwana Wakefield, mwenye taarifa ile ya kwanza, alitolewa katika halmashauri ya shirika. Mwaka 1950 Alan Wood, aliyekuwa afisa wa habari wa shirika hilo na ambaye alikwisha kuacha kazi, alitoa kitabu kilichoyaeleza mambo yote waziwazi. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ikatangaza kwamba mpango wa karanga umekoma, na pauni milioni 36 na nusu zikafutwa katika hesabu.

Fedha hizo zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza. Ardhi ilikuwa ya watu wengine. Udongo uliovuliwa kichaka chake ulibaki wazi kwa upepo na dhoruba, na walioishi hapo baada ya matrekta kunyamaza ni wale wale waliokuwako kabla. Sehemu ya nchi ya Kongwa iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe, na ranchi kubwa ingaliko hadi leo. Yaani nchi ilirudishwa katika kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya juu yake. Urambo palilimwa tumbaku. Reli ya Nachingwea haikudumu, iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Bandari ya Mtwara ilidumu, na sasa hupakia korosho. Majengo ya Kongwa yalitumiwa kwa muda kuwa shule ya watoto wa Wazungu. Na kuanzia mwaka 1964 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe, jambo ambalo hakuna aliyelitia katika hesabu ya mwaka 1946.

Ajabu ni kwamba zao la mafuta halikuikimbia nchi ile. Leo mikoa ya Singida na Dodoma, nchi ile ile kavu, ndiyo inayosifika Tanzania kwa alizeti, na Dodoma ni mmoja wa mikoa yenye karanga nyingi. Wakulima wenyewe ni wadogo: ekari mbili, ekari tano, mtama kando, mbuzi nyuma ya nyumba. Alizeti ina mzizi mrefu unaofuata unyevu chini, na mwaka ukiwa mbaya mkulima hupoteza kidogo kwa kuwa aliweka kidogo. Viwanda vidogo vya kukamulia viko mijini, na msafiri wa barabara kuu huona madumu ya mafuta ya manjano yamepangwa kando ya njia yakingoja wanunuzi. Sitaki msomaji adhani kwamba wakulima hao wamepona. Mbegu bora ni ghali, mvua ingali ikikatika Februari, ndege hushambulia vichwa vya alizeti, na mafuta ya mawese kutoka Asia huingia kwa bei inayomkatisha tamaa mwenye kukamua. Humu Kenya mashamba yale 10 hayakuwahi kufunguliwa. Karanga zetu hutoka zaidi upande wa Homa Bay na Migori, katika vishamba vya familia, na sehemu kubwa ya mafuta tunayopikia hununuliwa ng'ambo, kama Waingereza walivyonunua yao.

Na yale majaribio yaliyokataliwa mwaka 1946 kwa sababu ya haraka yanafanywa sasa, polepole, msimu baada ya msimu. Huko Naliendele, karibu na Mtwara, kiko kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kimechagua karanga za kufaa mvua fupi na udongo wa kusini, zinazoiva mapema na zinazostahimili rozeti. Mbegu moja iliyotoka hapo, iitwayo Pendo, hupandwa na wakulima wengi. Nyingine, iliyotolewa mwaka 2009, imepewa jina la Nachingwea.